Siku Tatu Ndani ya Kosta: Jumuiya Yetu ya Kimara Ilivyofahamiana Barabarani

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo huku Kimara, Dar es Salaam, daftari letu lilikuwa na kaya 36, ilhali waliofika kusali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi hawakuzidi watu kumi na mmoja. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walipozipa jumuiya hizi uzito mkubwa mwaka 1976, nadhani walikuwa wakiwawazia majirani wanaojuana. Hapa kwetu wapangaji huhama kodi inapoisha, wenye nyumba wamejifungia nyuma ya mageti, na mara nyingi tunachokijua kuhusu jirani ni honi ya gari lake tu. Tulikuwa tukionana kwenye misiba.

Safari yetu ilitokana na binti aliyekulia katika jumuiya, ambaye alikuwa anakwenda kuweka nadhiri zake za kwanza za utawa Tosamaganga, ile misheni ya kale ya Iringa ambako Wamisionari wa Consolata wamefanya kazi tangu 1919. Mama yake alialika watu wachache. Mwenyekiti akasema atakayeweza aje, na mzigo wa kupanga ukaniangukia mimi.

Kosta ya siku tatu tulielewana kwa shilingi 1,350,000. Tulikuwa watu 27, hivyo kila mmoja alitakiwa kutoa 50,000, na tukaongeza 15,000 za chakula. Kosa langu kubwa nililifanya hapo, kabla hata hatujaondoka: niliandika kwenye kundi la WhatsApp majina ya waliolipa na ya wasiolipa, nikidhani huo ndio uwazi. Mjane mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na kituo cha mwendokasi alijitoa kwenye kundi usiku uleule. Asubuhi nilimfuata nyumbani, akaniambia bila hasira, "Katibu, deni langu nalijua. Hukuwa na haja ya kulitangaza." Nilimwomba radhi na nikaifuta ile orodha. Tangu siku hiyo fedha zilipokelewa na mhazini peke yake, kidogo kidogo kadiri mtu alivyojaliwa, na pengo lililobaki lilizibwa na watu wawili ambao hadi leo anayewajua ni mhazini tu.

Tulipanga kuondoka saa kumi alfajiri. Gari lilifika saa kumi na moja na nusu, tena halikuwa lile tulilooneshwa, na viti vyake vya nyuma vilikuwa vimechanika. Nilikuwa nimeandaa ratiba: Rozari hadi Chalinze, tafakari hadi Morogoro, nyimbo hadi Mikumi. Tulipopita Kibaha nusu ya abiria walikuwa wanakoroma, nikaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

Jambo moja tu nililokuwa nimelipanga likafaa, nalo ni viti. Kila mtu aliokota kikaratasi chenye namba, na kila tuliposimama mahali pakubwa tuliokota upya, kwa sababu nilijua kwamba tukiachiwa tuchague, wenye magari wangekaa na wenye magari wenzao. Baadhi walinung'unika, hasa wanandoa. Kisha pale Msamvu, Morogoro, tuliondoka tukamwacha mzee mmoja chooni, na kwa kuwa mkewe alikuwa amekaa viti vya mbele akipiga soga, hakuna aliyegundua mpaka tulipokuwa tumekwenda mbali. Tulirudi tukamkuta amesimama juani, kofia mkononi, wala hakutaka kusemeshwa. Dereva ndiye aliyeleta dawa: kabla ya kuwasha gari alikuwa akigeuka na kuuliza, "Jirani yupo?", na kila mtu alipaswa kujibu kwa niaba ya aliyeketi naye.

Mikumi tulipita polepole, kwa maana barabara inakata katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na watoto wakahesabu twiga hadi wakachoka. Shida yenyewe ilitungoja kwenye mlima wa Kitonga. Lori la mzigo lilikuwa limeharibika kwenye kona, magari yamepangana kushuka hadi chini ya mlima, na tulikaa pale zaidi ya saa nne. Joto lilikuwa kali, maji yakapungua, na maneno yakaanza: nani aliyesema tusimame kupiga picha, nani aliyekodi gari bovu. Nilishuka nikatembea kando ya barabara, na mwalimu mmoja mstaafu akanifuata. "Waache waseme," aliniambia. "Wakinyamaza ndipo uogope."

Tuliporudi, yule mjane alikuwa amefungua ndoo yake. Alikuwa amekaanga mihogo usiku kucha, akaigawa pamoja na chumvi na pilipili vipande viwili viwili, akaanza na bibi mmoja mwenye kisukari, akawapa dereva na utingo, kisha akawapelekea wa lori lililokuwa nyuma yetu. Aliyekuwa amelalamika zaidi kuhusu wasiolipa ndiye aliyeshika sahani akimsaidia. Alasiri ilipoingia dereva, ambaye ni Mwislamu, alitandika msala wake nyuma ya gari. Watoto walikuwa wakiimba kwa sauti ya juu, bibi akawakemea: "Nyamazeni, mwenzenu anasali." Tukakaa kimya sote, na sikumbuki ukimya mwingine kama ule katika safari nzima, hata kanisani.

Tulifika usiku, bila masweta ya kutosha kwa baridi ya Iringa, na masista wakatupokea kwa uji na mablanketi. Ibada ya nadhiri ilikuwa nzuri na ndefu. Mama wa binti alilia tangu kuanza hadi kumalizika.

Wakati wa kurudi, tulipofika Ilula mhazini alisimama ndani ya gari akasoma mapato na matumizi yote, hadi bei ya maji. Zilibaki shilingi 41,500. Ulizuka ubishi mrefu, na mwishowe ikaamuliwa tununue vitunguu Ruaha Mbuyuni tuwapelekee wanajumuiya ambao hawakuweza kusafiri. Sikuupenda uamuzi huo, nikiona tungeweka akiba, lakini vile vitunguu vilitupa sababu ya kugonga mageti ambayo hatukuwahi kuyagonga.

Si wote waliobaki. Familia moja iliudhika kwa jinsi tulivyogawa vyumba na haijaonekana tena, ingawa nimekwenda mara tatu. Jumamosi hizi tunafika kumi na wanane, wakati mwingine ishirini, na kabla ya sala ya kufungua mwalimu mstaafu hutazama viti vilivyo wazi na kuuliza, "Jirani yupo?" Mtu mmoja huinuka na kwenda kumgongea mwenzake.