Shangazi Aliponipeleka Luau

"Na huyo nguruwe wanampikia wapi?" Shangazi aliuliza, nami nikageuka mkalimani wa nguruwe.

"Ardhini," akajibu binti wa kaunta ya tiketi, uso wote tabasamu. "Asubuhi tunamfukia, jioni tunamfukua."

Nikatafsiri. Shangazi akashusha miwani. "Wanamzika, wanamfufua, halafu wanamla?"

Tulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli yetu Waikiki, Honolulu, siku ya pili ya safari ya siku nne. Shangazi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na alikuwa amekuja kutukalia miezi mitatu Seattle. Alifika Desemba. Kufikia Februari alikuwa ameshayavaa makoti yangu yote, na kila asubuhi alifungua pazia, akaitazama ile mvua ya manyunyu isiyokatika, akalifunga. Mke wangu ndiye aliyekata shauri: mpeleke kwenye jua kabla hajatulaani. Tukakaa hewani saa sita juu ya bahari tupu. Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege, ule upepo wa joto ukatupiga usoni, Shangazi akavua koti, akavua na sweta, akasema, "Haya, sasa nimefika." Hakuuliza amefika wapi.

Mfuko wetu uliruhusu jioni moja tu ya kujitanua. Luau, ile karamu ya Kihawaii ya nguruwe wa kufukiwa na ngoma, ilikuwa dola 170 kwa kichwa, basi la kwenda na kurudi likiwemo. Bufee ya hotelini kwetu, ghorofa ya chini, dola 68. Mimi nilikuwa upande wa bufee na sikuona haya. Nilishachungulia pale: miguu ya kaa imerundikwa juu ya barafu, wali wa kukaanga, supu ya miso, samaki wa kuchoma, matunda, na kila sinia lina kikaratasi cha jina lake. Muislamu ugenini anakipenda hicho kikaratasi kuliko chumvi. Luau ni karamu ambayo nguruwe ndiye bwana harusi. Tulipe dola 340 kwenda kumwona akitolewa nje?

Shangazi hakubishana nami kwa hesabu. "Mwanangu, bufee hata Dar ipo. Na harusini kwetu nani anakula kila kitu? Mwenye sukari anaiacha halua, mwenye presha anaikwepa chumvi, lakini wote wanakaa, wanatazama ngoma, wanarudi na habari. Mimi nitapeleka Ngamiani habari gani ya miguu ya kaa?"

Akamgeukia yule binti kuuliza kama kuna samaki. Wapo, akasema, na kuku, na viazi vitamu, na taro.

"Taro ndiyo nini?"

"Magimbi, Shangazi."

Hapo mjadala ukafa. Nikatoa kadi.

Basi lilitupitia saa kumi jioni, likajikokota kwenye foleni ya barabara kuu kuelekea magharibi ya kisiwa cha Oahu, saa nzima na ushei. Dereva alitaka kujua kila abiria ametoka wapi. Nilipotaja Afrika Mashariki akaupiga usukani kofi la furaha: Obama! Nikamwambia sisi ni wa upande wa pili wa mpaka, lakini wapi. Akatueleza kuwa baba yake Obama alifika Chuo Kikuu cha Hawaii kutoka Kenya mwaka 1959, mwaka uleule ambao Hawaii ilifanywa jimbo la 50 la Marekani, na mtoto akazaliwa hapohapo Honolulu mwaka 1961. Shangazi alikuwa amesinzia. Alizinduka pale msichana mwenye kipaza sauti alipotufundisha kuitikia "Alooooha", salamu na kwaheri na mapenzi kwa neno moja, tulivute mpaka pumzi iishe. Basi zima likavuta. Shangazi naye akavuta, "Alhamdulillaaaahi", na hakuna aliyegutuka.

Getini tulivishwa makoja ya maua, wao huyaita lei. Ya kwetu yalikuwa ya okidi za zambarau, mazuri kwa picha. Shangazi akalinusa lake mara mbili. "Koja halina harufu? Hili ni la nini?" Nilimtetea mwenyeji wetu: makoja ya asumini yapo Hawaii, asumini ileile ya vikuba vyetu, ila kule inaitwa pikake, yaani tausi, kwa sababu Binti Mfalme Kaiulani alipenda tausi na alilipenda ua hilo pia. Asumini ni ghali, hawaigawi getini. "Kwa dola 170?" akasema.

Shimo lenyewe linaitwa imu. Walituzungusha kandokando yake kama watu walio kaburini, nami nilijikuta nimefunga mikono mbele. Mmoja wa wahudumu akatueleza kazi ya asubuhi: unachimba, unawasha moto wa kuni za kiawe, mti wa jamii moja na ule mathenge unaolaaniwa na watu wa Baringo, Kenya, na juu ya kuni unapanga mawe ya volkano mpaka yawe mekundu. Kisha unatandaza vigogo vya migomba vilivyopasuliwa ili vitoe mvuke, na majani ya mmea uitwao ti, anaingia nguruwe akiwa ametiwa mawe ya moto tumboni, unafunika majani tena, magunia yaliyoloweshwa, na udongo. Baada ya hapo ni kusubiri.

Baragumu la kombe la bahari likapigwa. Vijana wawili vifua wazi wakakwangua udongo, wakafunua magunia, na mvuke ukaturukia. Ulikuwa na harufu ya majani ya mgomba yaliyobabuka, na moshi, na kitu kingine ambacho nilijifanya sikukisikia. Nguruwe akatoka amelegea hata mifupa inajichomoa yenyewe. Wageni wakainua simu juu. Shangazi alikuwa anahesabu watu.

"Hawa hawapungui mia nne," akaninong'oneza. "Mnyama mmoja huyo atawatosha?"

Baadaye mhudumu alikiri kuwa nyama nyingine hutoka jikoni. Shangazi ameshasimamia mapishi ya harusi nyingi mno, humdanganyi kwa sufuria moja.

Kabla ya chakula mshereheshaji alitupa historia kidogo, katikati ya utani wa mananasi. Zamani, chini ya sheria za miiko zilizoitwa kapu, wanawake wa Hawaii hawakuruhusiwa kula pamoja na wanaume. Nguruwe alikuwa mwiko kwao, ndizi mwiko, nazi mwiko. Mwaka 1819, miezi michache baada ya kifo cha Mfalme Kamehameha wa Kwanza, mwanawe Liholiho aliketi hadharani kula na wanawake, akisukumwa na mama yake Keopuolani na Kaahumanu, mjane wa baba yake. Mlo mmoja ule, na dini ya zamani ikaanza kubomoka.

Nilimtafsiria haya nikidhani atasema neno juu ya nguruwe. Hakushughulika naye. "Waliwanyima nazi?" Akatikisa kichwa. "Sasa mboga walikuwa wanaunga na nini?"

Jua lilikuwa linagusa maji. Shangazi akaomba simu yangu atazame kibla. Programu ikaonyesha kaskazini, imeegemea magharibi kidogo. Nilikuwa najiandaa kumweleza mambo ya umbo la dunia, kwamba kutoka visiwa hivi njia fupi ya Makka inapita juu huko kwenye barafu, lakini hakuwa na swali lolote. Kwa mtu wa pwani kibla na kaskazini ni neno moja. Akatandika kanga nyuma ya mistari ya viti, bahari ikiwa mkono wake wa kushoto, akasali Magharibi huku spika zikijaribiwa "wani, tuu, wani, tuu".

Aliporudi, meza yetu ikaitwa. Tukainuka, tukapewa sahani, tukapanga foleni. Masinia marefu, vijiko vikubwa, na kila sinia lina kikaratasi.

Bufee.

Nilitazama nyuma kuona kama Shangazi amelitambua hilo. Alikuwa ametambua, na alikuwa anajitahidi asicheke. Mimi sikucheka. Tulipoketi nikaanza: dola 340 kupanga foleni na sahani mkononi, kuku mkavu, na laulau, kile kifurushi cha majani ya magimbi, nusura nikichukue nikidhani ni samaki kumbe ndani mna nguruwe. Nikaendelea hivyo mpaka mama mmoja mhudumu, mtu mzima, akasimama mezani kwetu na jagi la maji. Kiswahili hakujua, ila sauti ya mtu anayenung'unika haihitaji kamusi. Akakinyooshea kidole kibakuli kilichokuwa katikati yetu.

Akasema: bakuli la poi likishafunuliwa, mezani hapagombwi. Katika simulizi zao magimbi yaliota mahali alipozikwa mtoto aliyezaliwa mfu, jina lake Haloa. Mdogo wake aliyefuata ndiye aliyezaa watu. Kwa hiyo gimbi ni kaka mkubwa, na mbele ya kaka mkubwa unashusha sauti.

Nikashusha.

Poi ni magimbi yaliyopikwa, yakapondwa kwa jiwe juu ya ubao na kuongezwa maji kidogokidogo. Rangi yake ni zambarau iliyofifia, kama uji uliodondoshewa wino. Wenyewe hupima uzito wake kwa vidole: nzito unaichota kwa kidole kimoja, nyepesi inataka vitatu. Ile ilitaka vitatu. Watalii wa meza ya jirani waliionja kwa ncha ya uma, wakakunja sura, mmoja akasema gundi. Shangazi akaingiza vidole, akaviramba, akafumba macho.

"Magimbi," akasema. "Yamechacha kidogo."

Akachota tena, safari hii pamoja na lomi salmon, ambayo ni kachumbari ya nyanya na vitunguu yenye samaki wa chumvi. Hiyo nayo ilinigusa mimi mtu wa Seattle. Salmoni haogelei bahari ya Hawaii; katika karne ya 19 aliletwa kwenye mapipa ya chumvi kwa meli kutoka pwani yetu ya kaskazini-magharibi. Uchachu wa poi na chumvi ya samaki vinashikana vizuri. Poi peke yake, niseme kweli, ni ya mtu aliyeizoea.

Shangazi hakuridhika. Aliinuka, akaenda kwenye meza ya vitamutamu, akarudi na vipande vinne vya haupia, tui la nazi lililogandishwa na kukatwa miraba. Akaviponda kwa mgongo wa kijiko ndani ya poi, akakoroga, akaonja, akanisogezea. "Chukua. Hii sasa ni futari."

Yule mama alikuwa anatutazama. Niliogopa tumemvunjia heshima kaka mkubwa. Badala yake aliweka jagi chini, akacheka mpaka akajishika kiuno, akasema kitu hicho kipo: magimbi yaliyokunwa, tui la nazi na sukari, vinachomwa pamoja, kinaitwa kulolo. Hapa hatupiki, akasema, tafuteni madukani. Akaongeza jambo jingine ambalo Shangazi alinifanya nilitafsiri mara mbili: luau maana yake ni jani changa la gimbi. Karamu nzima imepewa jina la mboga.

"Kama kadi ya harusi iandikwe mnakaribishwa kisamvu," Shangazi akasema, kwa kuridhika kabisa.

Ngoma zilikuwepo, na moto ulikuwepo. Kijana aliyezungusha mwenge wenye kisu alicheza vizuri, lakini mchezo huo ni wa Samoa, na zile nyonga zinazokwenda kasi kama cherehani ni za Tahiti. Hula yenyewe ya Hawaii ilipewa dakika chache tu: wanawake wanne, kibuyu kinachogongwa chini, na sauti ya mtu mmoja. Wamisionari walioingia mwaka 1820 waliichukia, ikapigwa marufuku kuchezwa hadharani mwaka 1830, na Mfalme Kalakaua akaitoa mbele ya wageni wote siku ya kutawazwa kwake mwaka 1883. Nikawaza baikoko, ngoma yetu ya Tanga, na maneno inayotupiwa. Shangazi hakuwaza chochote, alikuwa anapiga makofi, na kila mara nusu pigo mbele ya ngoma.

Kesho yake tulipanda mabasi mawili na kuulizia maduka matatu kabla ya kupata kulolo, kipande cha kahawia kilichofungwa plastiki, kizito kama sabuni ya mche. Tukakila kwenye benchi ufukweni Waikiki. Saa mbili usiku, ambayo Tanga ni saa tatu asubuhi ya siku ya pili yake, Shangazi akampigia mdogo wake, akaweka spika ili nami nisalimie.

"Haya, dada, huko mwisho wa dunia mmekula nini?"

"Magimbi ya nazi."

Kimya. Nikasikia pikipiki inapita Ngamiani.

"Dada, mtandao unakatakata. Nimekuuliza mmekula nini."