Maneno 25 kutoka Guernsey

Meli ilipotoka Poole, kusini mwa Uingereza, na kuanza kuruka mawimbi, nilijua haya nimeyataka mwenyewe. Mie mtoto wa Paje, Unguja, nimelelewa na bahari, lakini bahari yetu ina mwamba wa kuikata makali. Hii ya kwao inakuja mzima mzima kama mdai. Saa tatu nzima nimekumbatia mfuko wa karatasi, na kijana wa kiti cha pili ananitazama kwa huruma huku akila chipsi.

Kilichonipandisha meli ni bibi mmoja ninayemhudumia katika nyumba ya wazee huku Uingereza, mjini Bournemouth. Ni mzaliwa wa Guernsey, kisiwa kilicho chini ya taji la Uingereza. Juni 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na miaka mitano, alipakiwa melini pamoja na wanafunzi wenzake hadi Stockport, kaskazini mwa Uingereza. Alirudi 1945 akiwa na miaka kumi. "Mama alikuja kunipokea," huniambia, "nikamuuliza mwalimu yule mwanamke ni nani." Kila ninapomvisha soksi hukirudia kisa hicho, na kila mara hucheka palepale. Nilipopata siku nne za mapumziko nikasema, ngoja nikapaone.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba kama 65. Unguja inakimeza mara ishirini na ushei. Kiko karibu zaidi na Ufaransa kuliko Uingereza, kina pesa yake, na bado wana noti ya pauni moja. Mji wa St Peter Port umepandiana kilimani kuanzia bandarini, na Maktaba ya Priaulx iko huko juu, barabara ya Candie. Ilikuwa nyumba ya Osmond de Beauvoir Priaulx, aliyewapa wakazi wa kisiwa jumba pamoja na vitabu vyake, ikafunguliwa 1889. Nilifika sina pumzi, na tumbo bado liko baharini.

Mkutubi aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nataka maisha ya kawaida wakati wa vita, chakula hasa. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.

Kwanza ilibidi nielewe habari ya nyanya. Kisiwa hiki kiliishi kwa kilimo cha nyanya kwenye vibanda vya vioo, kikiziuza Uingereza. Serikali ya Uingereza iliamua kutokilinda, ikaondoa askari wake, na watu wapatao 17,000, wakiwemo watoto wa shule kama 5,000, wakahamishwa kwa siku chache. Tarehe 28 Juni 1940 malori ya nyanya yalikuwa yamepanga foleni bandarini kusubiri meli. Ndege za Kijerumani zikayadhania ya jeshi, zikayapiga mabomu. Madereva walijificha chini ya malori yao. Walikufa watu zaidi ya 30. Siku mbili baadaye Wajerumani wakatua uwanja wa ndege, na hawakutoka hadi Mei 1945. Wakasogeza saa zifuate za Berlin, wakaamuru magari yapite kulia.

Magazeti ya kisiwa, Star na Evening Press, yaliendelea kutoka, kwa ruhusa na chini ya jicho la Wajerumani. Ndiyo niliyoyasoma. Habari za ukurasa wa mbele ni za kuambiwa uandike, nikaziruka. Utamu uko kwenye vitangazo vidogo. Pesa imeshakosa maana, watu wanabadilishana vitu: viatu, sabuni, sungura. Wanafundishana mapishi. Kahawa inatengenezwa kwa mzizi mweupe unaofanana na karoti: unaukuna, unaukausha, unaukaanga mpaka uwe mweusi. Majani ya kichaka cha miiba yanageuka chai. Viazi vinakunwa kwenye maji ili upate wanga wa kuoka. Chumvi ilipokwisha, maji ya bahari yakawa ya kupikia.

Halafu nikafika kwenye mwani.

Nilirudia kusoma, nikihofia Kiingereza changu kimenipotosha. Wanawake wa Guernsey walishuka ufukweni maji yakitoka, wakachuma mwani mwekundu, wakauosha, wakauanika, wakauchemsha na maziwa ukagande kama faluda. Mama yangu analima mwani Paje tangu kilimo hicho kilipoanza kwetu, mwaka 1989. Mikono yake imepasuka kwa chumvi ya mwani. Mwani wenyewe husafirishwa Ulaya ukatolewe kitu kilekile kinachogandisha, kinaingia kwenye aiskrimu na dawa ya meno, na hatujawahi kuupika kwa njaa. Bibi yangu aliyeiona njaa ya vita Unguja, mchele wa Burma ulipokatika mwaka 1942 Wajapani walipoichukua nchi ile, alikuwa akisimulia mihogo tu. Mihogo asubuhi, mihogo jioni, na foleni ya mgao. Simulizi zake zilikwenda naye kaburini. Huku hata pishi la kahawa ya uongo limehifadhiwa.

Nisije nikakudanganya, lakini, kwamba yote ni mapishi na ujanja wa akina mama. Magazeti hayohayo ya kubadilishana sungura ndiyo yaliyotangaza, mwaka 1940, amri ya Wayahudi kujiandikisha. Amri hiyo ilisajiliwa na mahakama ya kisiwa kama amri nyingine yoyote. Wanawake watatu, Therese Steiner, Auguste Spitz na Marianne Grunfeld, walichukuliwa Aprili 1942, wakauawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani. Nilitoka nje kidogo, nikakaa. Ukisoma vita kwa upande wa jikoni peke yake unaweza kudhani kila mtu alikuwa mwema.

Na palikuwa na wema wa hatari pia. Redio ziliponyang'anywa mwaka 1942, baadhi ya watu wa gazeti la Star walisikiliza BBC kwa siri, wakapiga chapa habari kwenye karatasi nyembamba za kufungia nyanya, wakazigawa mkono kwa mkono. Walisalitiwa mwaka 1944. Charles Machon na Joseph Gillingham walifia mikononi mwa Wajerumani.

Mchana wa siku ya pili mkutubi aliniletea karatasi za Msalaba Mwekundu. Ndiyo ilikuwa njia pekee ya mzazi wa kisiwani kumpata mtoto aliye Uingereza: fomu inayopitia Geneva, makao ya Msalaba Mwekundu, maneno yasiyozidi 25, mambo ya familia tu, na jibu linaandikwa nyuma ya fomu ileile. Kwenda na kurudi, miezi. Karatasi zimekunjwa hadi mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Hizi zilibebwa mfukoni. "Sote wazima. Umekua kiasi gani? Shangazi anakusalimia." Nikamfikiria bibi yangu wa soksi, akisomewa maneno 25 ya mama ambaye sura yake inafutika kila mwaka.

Njaa kali yenyewe ilikuja mwishoni, Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, waliposhuka Normandy, pwani ya Ufaransa, Juni 1944 na kisiwa kikakatiwa chakula cha Ufaransa. Meli ya Vega ilifika na vifurushi vya Msalaba Mwekundu tarehe 27 Desemba 1944. Hata kamba za kufungia hazikutupwa.

Jioni nikateremka ufukweni. Maji yalikuwa yametoka, mawe yote yamefunikwa mwani, na ile harufu, wallahi, ilikuwa ya Paje. Nikatoa simu nimwandikie mama, nikajiwekea sharti: maneno 25, kama wao. Nikagundua kwamba kwa Kiswahili hupunjiki sana kama Mwingereza. Yeye "nimekuletea" inamla maneno matatu au manne. Mie neno moja. Nikaandika:

"Mama, nimefika salama. Bahari ilichafuka, nimetapika, nimepona. Kisiwa kinafanana na kwetu kwa harufu ya mwani. Nimekuletea hadithi. Usisahau dawa ya presha. Nimekukumbuka. Wasalimie majirani wote."

Geneva haikuhusika. Jibu lilirudi kabla sijafika hotelini, kwa sauti, dakika nne nzima, kuku wanalia nyuma yake. Marahaba, mwanangu, ingawa nilisahau hata kumwamkia. Dawa kameza. Jirani kajifungua. Kisha akashusha sauti kama anayeuliza siri ya biashara:

"Hebu niambie, huo mwani wao kilo wanauza shilingi ngapi?"