Kesi za Marekani Huishia Kwenye Korido, Si Kwenye Sinema

Mtu yeyote aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua mahakama ya Marekani hata kama hajawahi kumiliki pasipoti. Anajua kwamba jaji hugonga nyundo ya mbao, kwamba raia 12 hukaa pembeni wakisikiliza, kwamba wakili hutembeatembea ukumbini kana kwamba ni sebuleni kwake, na kwamba dakika chache kabla ya filamu kwisha shahidi mmoja atabanwa kwa maswali mpaka aropoke ukweli mwenyewe. Nazipenda filamu hizi na nimezitazama nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye majukumu. Lakini kadiri ninavyozisoma hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, ambazo zimewekwa wazi mtandaoni kwa yeyote mwenye subira, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kasoro ya filamu hizi si makelele ya mawakili wala machozi ya mashahidi. Kasoro yake ni kwamba zinatuonyesha kesi ikiamuliwa mahali ambapo kwa kawaida haiamuliwi.

Mwaka 2012, katika shauri la Missouri dhidi ya Frye, Jaji Anthony Kennedy alieleza kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika mahakama za majimbo, hutokana na mshtakiwa kukiri kosa. Maana yake ni kwamba katika kila watu 100 wanaotiwa hatiani, ni watatu au sita tu waliosikilizwa kwa namna tunayoijua kutoka kwenye sinema. Waliobaki walimalizana na mwendesha mashtaka kwa makubaliano, kwenye korido, kwa simu, au katika chumba kidogo cha mahabusu ambako wakili hufika na ofa mkononi na kumwambia mteja wake achague kabla muda haujaisha. Frye mwenyewe alishtakiwa kwa kuendesha gari wakati leseni yake imefutwa. Mwendesha mashtaka alituma barua yenye ofa mbili, mojawapo ikihusu kifungo cha siku 90, na wakili wake hakumwambia lolote. Muda wa ofa ukapita, Frye akakiri bila makubaliano yoyote, akafungwa miaka 3. Hakuna shahidi aliyelia katika kesi hiyo wala wakili aliyenyanyua sauti. Kulikuwa na barua tu ambayo mlengwa hakuisoma, na ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya maisha yake.

Filamu zenyewe zinaujua utaratibu huu, ila zinaudharau. Chukua A Few Good Men ya mwaka 1992. Wakili kijana wa jeshi la majini anayechezwa na Tom Cruise anatambulishwa kwetu kama mtu aliyemaliza kesi 44 kwa makubaliano ndani ya miezi 9, na hadithi inalichukulia jambo hilo kama ugonjwa wa woga unaohitaji tiba. Tiba ni kwenda mahakamani, kuvaa magwanda yaliyonyooka, na kumchokoza kanali mpaka akiri mbele ya watu wote kwamba ndiye aliyetoa amri iliyosababisha kifo. Ni onyesho tamu sana, sikatai, na hata leo likianza siwezi kuondoka kwenye kiti. Lakini wakili mwenye wateja wawili wanaokabiliwa na shtaka la mauaji, ambaye ana ofa nzuri mezani na hana ushahidi wowote isipokuwa tumaini kwamba afisa mkubwa atakasirika, hawezi kuitwa jasiri. Anacheza kamari kwa fedha za watu wengine.

Jambo ambalo filamu hailitaji ni bei anayotozwa mshtakiwa anayekataa ofa na kudai asikilizwe. Bei hiyo inaonekana wazi katika shauri la Paul Lewis Hayes wa Kentucky, lililofika Mahakama ya Juu na kuamuliwa mwaka 1978. Hayes alishtakiwa kwa kutumia cheki ya kughushi ya dola 88.30, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kati ya miaka 2 na 10. Mwendesha mashtaka alimwambia kwamba akikiri atapendekezewa miaka 5, na kwamba asipoiepushia mahakama usumbufu wa kusikiliza kesi, atafunguliwa shtaka jipya chini ya sheria ya wahalifu sugu, kwa kuwa alikuwa na makosa mengine mawili ya nyuma. Hayes alikataa. Mwendesha mashtaka akatimiza alichoahidi, Hayes akatiwa hatiani, na adhabu ikawa kifungo cha maisha, kwa cheki ambayo thamani yake isingelipa kodi ya nyumba ya mwezi. Majaji watano dhidi ya wanne walisema hapo hapana katiba iliyovunjwa, kwa sababu mshtakiwa alikuwa huru kuikubali ofa au kuikataa. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara hilo neno «huru» hunisimamisha.

Kwenye sinema, mtu wa aina ya Hayes ndiye shujaa: anakataa kusaini, anasimama kidete, na mwisho wake haki inampata. Na mwendesha mashtaka huwa ni nani? Huwa ni mtu nadhifu, mwenye nywele zilizochanwa vizuri, aliyewekwa pale ili aaibike dakika ya mwisho. Ukweli ni kwamba yeye ndiye mwenye nguvu kuliko wote ndani ya jengo lile, jaji akiwemo, kwa sababu ndiye anayechagua shtaka, na katika majimbo ambayo sheria imeshapanga adhabu kwa kila kosa, anayechagua shtaka amekwisha kuchagua adhabu. Zaidi ya hapo, katika sehemu kubwa ya Marekani mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya huchaguliwa kwa kura, hivyo hufanya kampeni kama diwani, na ahadi iliyouza kwa miaka mingi ilikuwa ni ya kuwafunga watu.

Nikija kwenye lile jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, filamu inayotajwa na kila mtu ni 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957, na inastahili. Humo karibu dakika zote tumefungiwa katika chumba kimoja chenye joto, na mjumbe wa nane, Henry Fonda, anasimama peke yake dhidi ya 11. Onyesho lake maarufu ni pale anapotoa mfukoni kisu kinachofanana kabisa na kielelezo cha mauaji na kukichoma mezani, akieleza kwamba alikinunua usiku wa jana dukani, karibu na nyumbani kwa mshtakiwa. Tunashangilia. Hata hivyo, kwa sheria ya Marekani, mjumbe wa jopo haruhusiwi kwenda kufanya upelelezi wake mtaani. Analazimika kuamua kwa ushahidi uliotolewa mahakamani tu, na kisu kile kingetosha kuivuruga kesi ikaanza upya. Jaji Sonia Sotomayor wa Mahakama ya Juu, ambaye amekiri kwamba filamu hii ilichangia kumvuta kwenye sheria, amesema pia kwamba alipokuwa jaji wa mahakama ya chini aliwahi kuwaonya wajumbe wa majopo wasifanye kama wale wa kwenye filamu, kwa kuwa mengi yanayohitimishwa mle ndani ni kubahatisha.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa mbali halijui. Hadithi ile, inayotokea New York, inawezekana kwa sababu tu huko uamuzi wa jopo lazima uwe wa wote. Louisiana na Oregon ziliruhusu kwa miongo mingi mtu atiwe hatiani kwa kura 10 dhidi ya 2. Louisiana ilianza kuruhusu uamuzi usio wa wote katika mkutano wake wa katiba wa mwaka 1898, ambao wajumbe wake hawakuficha kwamba nia yao ilikuwa kuulinda utawala wa watu weupe: kama mtu mweusi mmoja au wawili wangefanikiwa kuingia kwenye jopo, basi kura zao zisiwe na uzito. Mahakama ya Juu ilikuja kuufuta utaratibu huo mwaka 2020, katika shauri la Ramos dhidi ya Louisiana. Kwa hiyo, kama Fonda angekuwa Louisiana mwaka ule ule wa 1957, katika kesi kubwa isiyo ya adhabu ya kifo, kura ya kwanza ya 11 kwa 1 ingekuwa ndiyo ya mwisho, na yule mjumbe mwenye tiketi ya mpira mfukoni angewahi mechi yake bila wasiwasi.

Kisha kuna Atticus Finch. Gregory Peck alishinda Oscar kwa kumcheza katika To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962, na mwaka 2003 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimtaja Atticus kuwa shujaa namba moja katika historia ya sinema ya nchi hiyo. Watu husahau kwamba alishindwa kesi. Mteja wake, mtu mweusi asiye na hatia, anatiwa hatiani na jopo la wanaume weupe watupu na baadaye anauawa kwa risasi, lakini kumbukumbu inayobaki kwa watazamaji ni ya wakili akitoka ukumbini huku watu weusi wa ghorofani wakisimama kwa heshima. Filamu inatuliwaza kwa uadilifu wa wakili ili tusikae sana na hatima ya mteja.

Mji wa kwenye hadithi ile ulichorwa kutokana na Monroeville, Alabama, alikokulia Harper Lee, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, na hadi leo jengo la zamani la mahakama la huko ni makumbusho yanayotembelewa na wapenzi wa hadithi hiyo. Katika wilaya hiyo hiyo, mwaka 1987, mtu mweusi aitwaye Walter McMillian alikamatwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Siku ya tukio alikuwa nyumbani kwake kwenye shughuli ya kukaanga na kuuza samaki, na mashahidi chungu nzima walilisema hilo. Alipelekwa kwenye jengo la wanaosubiri adhabu ya kifo kabla hata kesi haijasikilizwa. Kesi yenyewe ilichukua siku moja na nusu. Jopo likapendekeza kifungo cha maisha, na jaji akakipandisha kuwa adhabu ya kifo, jambo ambalo sheria ya Alabama iliendelea kuliruhusu hadi mwaka 2017. Aliachiwa huru mwaka 1993, baada ya wakili Bryan Stevenson kuonyesha, pamoja na mengine, kwamba upande wa mashtaka uliuficha mkanda wa sauti ambamo shahidi wao mkuu alisikika akilalamika kwamba analazimishwa kumtaja McMillian. Mkasa huo ulifanywa filamu mwaka 2019, Just Mercy, na nadhani ni miongoni mwa chache zinazomwonyesha wakili akifanya kazi ambayo mawakili hasa huifanya: kusoma majalada, kugonga milango ya watu wasiotaka kufungua, na kuandika maombi ambayo hutupwa mara nyingi kabla ya kukubaliwa mara moja.

Cha ajabu ni kwamba filamu ambayo mawakili wa Marekani huisifu kwa usahihi ni ya vichekesho: My Cousin Vinny, ya mwaka 1992. Vinny anamkaribia mwendesha mashtaka kwa hila nyingi, hata anakwenda naye kuwinda, ili apate kuliona jalada, na anarudi akijisifu kwamba amepewa lote. Mchumba wake, aliyekuwa akikisoma kitabu cha sheria, anamwambia kwamba hakuhitaji hila yoyote, kwani kisheria upande wa mashtaka unawajibika kumpa. Shahidi wa kushtukiza, aliye kipenzi cha sinema, hufia hapo. Na maswali ya dodoso ya Vinny ni darasa. Shahidi mmoja anadai zilipita dakika 5 tangu aanze kupika kifungua kinywa hadi alipotaka kula, na chakula chenyewe ni grits, uji mzito wa mahindi wa watu wa kusini. Vinny anauliza unapikwa vipi, kama ni ule wa kukorogwa haraka, na shahidi, kwa fahari ya kwao, anasema hawezi kula kitu kama hicho. Basi inakuwaje uji unaohitaji dakika 20 kwa watu wote uive kwake kwa 5? Yeyote aliyewahi kusonga ugali ataielewa hoja hiyo bila mkalimani.

Kwetu Tanzania hatuna jopo la raia. Tumekuwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayamfungi jaji, kwa hiyo tofauti ya ukumbi tunaiona upesi. Lakini makubaliano ya kukiri kosa nayo yaliingizwa katika sheria zetu mwaka 2019, na mtu aliyekaa rumande akiambiwa kila tarehe kwamba upelelezi haujakamilika anaweza kuuelewa mkasa wa Hayes kuliko mtazamaji wa Boston. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba tumejifunza kutoka Hollywood sehemu isiyo na faida kwetu.

Kwa kijana anayetaka kusomea uwakili baada ya kuona filamu, mimi ningemtafutia Anatomy of a Murder ya mwaka 1959, iliyotokana na riwaya ya John Voelker, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan na aliyewahi kumtetea mtu katika kesi ya namna hiyo. Hata jaji wa kwenye filamu ni wakili wa kweli, Joseph Welch, yule aliyemkabili Seneta McCarthy, msaka wakomunisti, mwaka 1954. James Stewart, anayecheza wakili wa utetezi, anamtembelea mteja wake mahabusu na kumweleza, kwa utulivu, ni utetezi upi sheria inaukubali na upi haiukubali, bila kumwambia hata mara moja aseme nini, mpaka mteja anafika mwenyewe kwenye jibu kwamba huenda siku ile alirukwa na akili. Hatujui kama anasema kweli, na wakili pia hajui. Anaachiwa huru, na siku wakili anapokwenda kuchukua ada yake, anakuta mteja amekwisha kuhama.