Tangi la matumbawe, maji ya chokaa

Berlin, Jumapili usiku

Leo tangi limepata tumbawe lake la kwanza. Ni kipande cha sentimita 2 tu, kimegandishwa kwa gundi juu ya kijiwe cha kauri. Nimekiweka chini kidogo, mwanga usikipige sana, mpaka kizoee. Nimekipata kwa mfugaji mwenzangu wa upande wa pili wa jiji, ambaye amekuwa akikata vipande kutoka kwenye tumbawe lake mwenyewe na kuwagawia wengine kwa miaka.

Hilo ndilo sharti nililojiwekea kabla sijanunua hata bomba: hakuna tumbawe litakalong'olewa baharini kwa ajili ya sebule yangu. Mimi ni mtu wa Mafia. Utotoni nimeona maji yakikupwa, watu wanashuka na mitaimbo, matumbawe yanabanduliwa na kupakiwa mtumbwini, yanaanikwa juani, kisha yanapangwa juu ya magogo na kuchomwa chokaa. Mjomba wangu alikuwa fundi wa tanuu hizo na simlaumu hata kidogo. Watu walihitaji nyumba, na pwani yetu imejengwa kwa matumbawe na chokaa tangu enzi za Kilwa. Ila hesabu yake inauma. Tumbawe la aina ya Porites hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo jiwe lenye kimo cha mita 1 ni kazi ya miaka mia, nalo huisha kwa moto wa usiku mmoja. Hifadhi ya bahari ilianzishwa Mafia mwaka 1995, na haikupita miaka mingi joto la bahari la 1998 likayapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi kwa wingi. Nilipoanza kuota tangi, niliota la kukuzia, si la kuchukulia.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 180, upana 70 na kimo 60. Zidisha, unapata lita 756. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi, kioo cha milimita 15 peke yake ni kama kilo 160. Weka mawe, mchanga na kabati, umeshaivuka tani 1. Sakafu za nyumba za kuishi huku Ujerumani kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na tangi langu linakalia mita 1.26 tu. Ndiyo maana tulisubiri mpaka tupate nyumba ya chini, yenye zege lililolala moja kwa moja juu ya ardhi.

Jirani yetu alikuja na wasiwasi wake, na alikuwa na haki. Hapa hapa Berlin, alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, AquaDom, tangi kubwa mno la samaki, lilipasuka ndani ya hoteli: lita milioni 1 za maji ya chumvi na samaki wapatao 1,500. Lile lilikuwa silinda refu la akriliki, yaani plastiki angavu; langu ni sanduku fupi la kioo. Nilimkaribisha ndani, nikampitishia kidole kwenye maungio ya silikoni, nikamwonyesha vioo vya juu vinavyoshikilia ubavu usitanuke, na hati ya bima. Tukanywa chai.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni mabomba. Maji hufurika juu, yanashuka kwa uzito wake hadi tangi la chini lililofichwa kabatini, yanapita kwenye chujio la povu, kisha pampu inayarudisha juu. Swali ni moja tu: umeme ukikatika, kiasi gani kitashuka? Mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa umezama ndani sana, pampu ikisimama bomba lile lile linageuka mrija wa kunyonya na kuteremsha maji mpaka lipate hewa. Kwa hiyo nimelitoboa tundu dogo karibu kabisa na uso wa maji. Nikazima swichi, nikapiga magoti mbele ya kabati. Juu maji yalipungua vidole viwili. Chini yalipanda, yakaifikia alama niliyochora kwa kalamu, yakaipita kidogo, tundu likafyonza hewa kwa mlio mkali, yakatulia. Bado sentimita 6 kufika ukingoni. Nilirudia jaribio lile mpaka mke wangu akaniita nikale.

Maji ya bomba ya Berlin yanatoka ardhini na ni magumu, hayafai kutiwa hivi hivi. Yanapitishwa kwenye utando wa osmosi kwanza, unaochuja madini yake, ndipo chumvi inachanganywa mpaka gramu 35 kwa kilo ya maji, na joto linashikiliwa kwenye nyuzi 25. Baada ya hapo ni kusubiri. Mawe yangu ni ya kauri, hayana uhai, kwa hiyo bakteria walipaswa kwanza kukaa na kuzaana: kundi moja ligeuze amonia, sumu ya uchafu wa viumbe, kuwa nitriti, jingine ligeuze nitriti kuwa nitrati. Kisha mchanga wote ukavaa utando wa kahawia wa dayatomu, yaani mwani mdogo sana. Wengi huingiwa na hofu hapo, wanaanza kumwaga dawa. Mimi nauona kama dalili njema, maana tangi limeanza kuishi, na utando ule huondoka wenyewe chakula chake kikiisha majini.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati zilizomo majini, na likikua lazima uzirudishe. Njia mojawapo ya zamani kabisa, inayopendwa sana huku Ujerumani, ni chokaa. Chokaa ile ile iliyozimwa! Gramu 1.5 hivi kwa lita ya maji safi, unakoroga, unaiacha itulie, kisha yale maji ya juu, yaliyo angavu, yanadondoshewa tangini tone kwa tone kufidia yaliyovukizwa. Hufanywa usiku, kwa sababu giza likiingia pH ya tangi (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) hushuka, na maji ya chokaa yana pH zaidi ya 12.

Nilimpigia mjomba kumweleza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mawe umeyatoa wapi?"

"Ya kiwandani, mjomba. Ya kauri."

"Haya, vizuri. Na hiyo chokaa matumbawe yanaila?"

"Yanajengea."

Akaanza kunifundisha papo hapo. Nisitie machicha yake, nichukue maji tu. Nisiiache wazi, ikipigwa na hewa inafanya gamba juu na nguvu inakwisha. Nisishike macho kabla sijanawa. Yote ni kweli tupu; lile gamba ni kabonati inayotokana na hewa ukaa, na vitabu vya wafugaji vinaonya vivyo hivyo. Alivijua vyote kwa mikono yake, pale tanuuni.

Samaki watakuja taratibu: kwanza jozi ya samaki wa anemoni waliototolewa kwenye matangi. Wanangu wanamtaka kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la njano, yule Acanthurus leucosternon. Nimewaambia ukweli. Anashikwa upesi na vimelea vya madoa meupe, anahitaji nafasi kubwa ya kuogelea, na wanaouzwa madukani huwa wamevuliwa baharini. Humu hataingia. Tukienda nyumbani nitawavalisha miwani ya kuzamia na kuwapeleka Ghuba ya Chole, wamtazame huko.