Dagaa, magoti ya mama na kidole cha baba mdogo

Nyumbani kwetu Ujiji chungu ni kimoja, lakini maradhi ya viungo yanayokizunguka si mamoja, na jambo hilo lilituchukua karibu miaka miwili kulielewa. Mama alianza kuumwa magoti, hasa anapoinuka mkekani baada ya swala. Baba mdogo naye aliamka usiku wa manane, siku moja baada ya harusi ya binti yake, kidole gumba cha mguu kimevimba, kinang'aa na kuwaka moto, kiasi kwamba hata shuka lilipomgusa aliguta. Wote wawili wakaambiwa wana baridi yabisi, na katika kituo kimoja cha afya wakapewa katazo lile lile: nyama, dagaa, maharage na nyanya visiguswe.

Mama ni mtu wa kutii. Aliacha dagaa, ambao ameuza maisha yake yote akiwafuata mwaloni Kibirizi, akaacha na maharage, akabaki na ugali wa muhogo, matembele yanayoogelea katika mawese, na chai ya sukari kwa maandazi. Mwaka ulipoisha alikuwa ameongezeka kilo saba, na magoti yamezidi.

Baadaye daktari mwingine alitueleza kwamba goti la mama limesagika, yaani gegedu linalotenganisha mifupa limechakaa, na kwamba adui mkubwa wa goti la namna hiyo katika chakula ni uzito, wala si nyanya. Utafiti uliofanyika Marekani kwa wazee wanene wenye magoti kama hayo ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Nikaigeuza hesabu hiyo, ingawa ni ya kukadiria tu, nikaona kwamba katazo tulilolishika kwa uaminifu lilikuwa limemtwika mama karibu kilo 28 kila anapokanyaga. Mawese siyasemi vibaya, kwa kuwa wekundu wake ndio ambao mwili hutengenezea vitamini A. Hata hivyo kijiko kikubwa kimoja kina takriban kalori 120, sawa na mafuta mengine yoyote, na mama alikuwa akipima kwa upawa.

Kisa cha baba mdogo kilikuwa kingine kabisa. Yeye ana jongo, na kwake dagaa wanahusika kweli. Katika nyama na samaki mna kitu kiitwacho purini, ambacho mwili hukivunja na kupata asidi ya yuriki. Figo zikishindwa kuitoa ya kutosha na kiwango chake katika damu kikapita kama miligramu 6.8 kwa desilita, asidi hiyo huweza kuganda na kuwa fuwele kama sindano, ambazo hupenda kutua miguuni, penye ubaridi kuliko sehemu nyingine za mwili. Maini na figo vina purini nyingi, na dagaa pia, hasa wakavu, kwa sababu maji yamekwisha kutoka na kiganja kimoja chao ni sawa na viganja kadhaa vya wabichi.

Kilichomuumiza zaidi baba mdogo, nadhani, yalikuwa maneno. Bia ni kichocheo mashuhuri cha jongo, kwa hiyo barazani watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee anakunywa kwa siri, ilhali hajapata kuonja pombe. Alichokuwa akinywa ni soda, mbili au tatu kwa siku, na sukari ya fruktosi iliyomo huongeza asidi hiyo hiyo. Tena alikuwa akimeza kidonge cha presha cha haidroklorothiazaidi, ambacho huzifanya figo ziizuie asidi isitoke. Daktari ndiye aliyekibadilisha, si sisi. Akaanzishiwa na alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, kwa maana kubadili chakula peke yake huishusha asidi kidogo tu, na lengo ni kufika chini ya miligramu 6. Maharage aliruhusiwa, kwani purini za mimea hazijaonekana kuleta jongo. Na kahawa chungu ya baraza lile lile lililomsengenya? Wanywaji wa kahawa wameonekana kupata jongo kwa uchache kuliko wasiokunywa.

Baridi yabisi yenyewe anayo mama mkubwa: kinga ya mwili wake hushambulia viungo, na vidole vyake hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja. Jina hilo limetoka katika utabibu wa zamani uliogawa maradhi kwa ubaridi, joto, unyevu na ukavu, na huenda ndiyo maana tunalibandika kila kiungo kinachouma. Mafuta ya samaki huweza kumpunguzia maumivu kidogo, juu ya dawa zake, kwa hiyo dagaa wanaomdhuru shemeji yake yeye hawamdhuru.

Siku hizi mama huwachemsha dagaa kwanza na kumwaga maji, maana sehemu ya purini huhamia humo, kisha huwaunga. Baba mdogo hupewa wachache, mara mojamoja, na bakuli la maharage pembeni. Upawa umewekwa juu ya kabati, na mawese hupimwa kwa kijiko. Mama amepungua kilo nne, ila akishuka kibarazani bado hushika nguzo.