Kiungo Kimoja Kilichonifaa Kuliko Mia Mbili vya Kununua

Nina tovuti ndogo ya kuuza vipuri vya cherehani, na katika mwaka wake wa kwanza niliamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba kinachoipandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji ni wingi wa viungo vinavyoielekea kutoka tovuti za watu wengine. Nilimlipa mtu aliyeniandikia barua pepe akiniahidi viungo 200 ndani ya mwezi mmoja. Ahadi aliitimiza, tena kabla ya muda, lakini mimi sikuwa nimemuuliza viungo hivyo vitakaa wapi.

Nilipopata nafasi ya kuvikagua kimoja kimoja, ukurasa wa kwanza niliofungua ulikuwa na makala kuhusu kung'arisha meno, chini yake makala ya kamari, kisha ya kuezeka paa, zote za tarehe moja. Katika makala ya nne, iliyohusu tiketi za ndege, sentensi ilikuwa imekatwa katikati ili yapachikwe maneno "vipuri bora vya cherehani bei nafuu", na maneno hayo ndiyo yaliyoelekea kwangu. Sijui ni msafiri gani angebofya hapo. Maneno yaleyale, bila kubadilika hata herufi moja, nilikuja kuyakuta katika kurasa nyingine nyingi, na kutoka kurasa zote hizo hakunijia mnunuzi hata mmoja.

Kosa langu lilikuwa la kuelewa nusu ya jambo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia ya kupima kurasa waliyoiita PageRank, ambamo kiungo huhesabiwa kama aina ya kura. Hiyo ndiyo nusu inayotangazwa na wauzaji. Nusu ya pili ni kwamba uzito wa kura hutegemea uzito wa ukurasa unaoipiga, na uzito huo hugawanywa kwa viungo vyote vinavyotoka katika ukurasa huo. Katika ukurasa usioelekezwa na yeyote, wenye viungo mia tatu vya kwenda nje, huna unachogawiwa hapo isipokuwa punje ya kitu ambacho chenyewe ni kidogo.

Isitoshe, Google imepambana na mchezo huu kwa muda mrefu. Aprili 2012 ilizindua mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Penguin, yaliyozishusha tovuti nyingi zilizojijengea viungo vya bandia, na tangu Septemba 2016 mfumo huo hufanya kazi mfululizo na zaidi hupuuza viungo vibaya badala ya kuishusha tovuti nzima. Kwa hiyo fedha yangu kwa kiasi kikubwa ilinunua kitu kisichohesabiwa. Adhabu inayotolewa na mkaguzi wa kibinadamu bado ipo, nayo huonekana katika Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti; niliangalia huko kwa moyo wa wasiwasi, nikakuta sikuwa nimeadhibiwa. Ipo pia zana ya kuikana orodha ya viungo, yaani kuiomba Google isivihesabu, iliyotolewa Oktoba 2012, lakini Google yenyewe inasema tovuti nyingi haziihitaji, nami niliiacha.

Siku hizi nikipima kiungo sianzi na alama. Alama za hadi 100 zinazotajwa sana, kama Domain Authority ya Moz na Domain Rating ya Ahrefs, ni makadirio ya kampuni hizo na wala si kipimo cha Google, na zaidi ya hayo zinapima tovuti nzima ilhali kiungo changu kitakaa katika ukurasa mmoja. Alama kubwa inaweza hata kuwa ya marehemu: mtu hununua jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lililoachwa na wenyewe, akarithi viungo vyao, kisha akalijaza makala za kuuza nafasi. Ukilitafuta jina hilo katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, utaona lilikuwa la nani na lilibadilika lini. Machi 2024 Google iliutaja utumiaji mbaya wa vikoa vilivyokwisha muda kuwa miongoni mwa makosa katika kanuni zake.

Ninachofanya ni kuusoma ukurasa wenyewe kama mnunuzi wangu angeusoma. Je, unazungumzia ushonaji, au angalau jambo linalopakana nao? Kiungo kimo ndani ya maelezo ambayo msomaji yuko katikati ya kuyafuata, au kimetupwa chini kabisa pamoja na majirani wasiohusiana? Nikikosa sababu ya mtu kukibofya, sikitaki hata kikitolewa bure. Kuhusu alama ya rel="nofollow", inayowekwa kwenye kiungo kuiambia Google isikihesabu kama kura, iliyoanza mwaka 2005 na kufuatiwa mwaka 2019 na sponsored kwa viungo vya kulipiwa, nadhani wafanyabiashara wadogo wanaiogopa kupita kiasi. Google sasa huichukulia kama dokezo, na mteja anayefika kwa njia hiyo hulipa sawasawa na mwingine.

Kiungo bora nilicho nacho sikukiomba. Wateja walikuwa wakinipigia simu kuuliza sindano ipi inafaa mashine yao, nikachoka kujibu, nikaandika ukurasa mmoja wenye jedwali na picha nilizopiga mwenyewe. Nilieleza kwamba katika 90/14 namba ya kwanza ni kipenyo cha sindano, yaani milimita 0.9, na ya pili ni kipimo cha zamani cha Kimarekani. Kwamba sindano ya 130/705 H ya mashine za nyumbani ina upande bapa pale juu inapoingia kwenye mashine, ilhali DBx1 ya mashine nyingi za kiwandani ni mviringo, na kuzibadilishana ni kujitafutia hasara. Mwalimu mmoja wa ushonaji akauweka ukurasa huo katika maelezo ya somo lake: "Kabla hujanunua sindano, linganisha na jedwali hili." Wanafunzi wake wanafika kila wiki, na wengi wao hununua.

Baada ya hapo nilithubutu kuandika barua pepe chache. Nilikuta ukurasa wa mafundi unaoelekeza kwenye jedwali la sindano lililokwisha kufutwa, nikamwandikia mwenye ukurasa huo nikimwonyesha sentensi yenye kiungo kilichokufa, nikamwambia langu lipo endapo litamfaa. Alijibu siku ileile. Muuzaji wangu wa jumla naye alikuwa na orodha ya wauzaji wa rejareja ambayo jina langu lilikuwamo bila kiungo. Sentensi mbili za kukiomba zilitosha. Nimekataa jambo moja tu, kutoa vipuri vya bure ili nitajwe, kwa sababu kiungo cha namna hiyo kimelipiwa na kinapaswa kuwekwa alama ya sponsored.

Wiki iliyopita yule mwalimu aliniandikia kwamba jedwali langu halina sindano za ngozi, zile zenye ncha ya kukata. Ni kweli. Nimekwisha kuzipiga picha, na safu yake naiongeza kesho.