Kamera huanza kwa kukaa mkobani

Nikifika mahali nisipojulikana kurekodi simulizi za watu na kuwapiga picha, siku ya kwanza kamera haitoki mkobani. Nazungukazunguka, nasalimia, nakaa wanapokaa watu. Kesho yake wakiniona tena, angalau sura yangu wameizoea.

Napenda kuanza na watu walio kazini: mikono ina shughuli, mdomo uko huru. "Nisimulie maisha yako" siombi kamwe. Mtu hujibu "nimezaliwa hapa, nimekulia hapa", basi, mazungumzo yamekwisha. Nauliza jambo dogo lililo mbele ya macho. Fundi viatu mmoja mzee nilimuuliza tu habari za sindano yake, yenye mpini wa mti uliolainika kwa kushikwa. Kumbe mpini ulikuwa wa baba yake; chuma ndicho kilichobadilishwa kila kilipokatika. Kutoka hapo tukafika kwa kaka waliyegombana wakati wa kugawana vifaa vya marehemu, kisha kwa watoto wasiotaka hata kuugusa ufundi ule. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema "ikawaje?" na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana akitua kidogo unatamani kudakia, na mara nyingi maneno mazito huja baada ya kutua huko.

Picha huja mwishoni, na kwa ruhusa. Natumia lenzi ya milimita 50, isiyovuta mbali, kwa hiyo sina budi kusogea karibu. Namwomba mtu asimame mlangoni, kivulini, uso ukielekea nje. Mwanga wa hapo hauna makali. Simwambii atabasamu. Usiku nanakili picha na sauti mahali pawili kabla ya kulala, hata nikiwa hoi.

Kuhusu majina nina msimamo mkali. Mwaka 1936 mpiga picha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya wachuma njegere huko California, Marekani. Picha ikazunguka dunia nzima, ilhali Lange hakumuuliza hata jina. Ilipofika 1978 ndipo ilipojulikana kuwa ni Florence Owens Thompson, naye akasema anatamani asingepigwa picha ile, kwani hakupata hata senti. Kwa hiyo rekodi yangu huanza na mtu kujitaja mwenyewe, au kusema jina lake lisiandikwe. Mtoto sirekodi bila mzazi kukubali.

Nikishaandika narudi kumsomea. Ruhusa ya mwanzo haitoshi, kwa sababu mtu akichangamka husema asiyoyakusudia. Mama mmoja alinisikiliza hadi nilipofika kwenye habari za mumewe, akasema, "Hapo toa, mwanangu." Ndicho kipande nilichokipenda kuliko vyote. Nilikikata palepale akiona, tukaendelea na aya iliyofuata.